Ndege Waliotoka Kwenye Kioo

Mume wangu alifariki kwa homa, mwaka uliofuatia mvua za elinino, na mimi nikakaa eda nyumbani kwa wakwe zangu, Nyahanga, pale Kahama. Nilipewa chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Eda ya mjane kwetu Waislamu ni miezi minne na siku kumi. Hutoki bila dharura, hujipaki manukato, huvai cha kung'aa, na wanaume wasio maharimu hawaingii ulipo. Hayo yote niliyakubali, na mume wangu nilimlilia kwa machozi ya kweli. Kilichonishinda ni kutulia. Tangu utotoni watu wamenisema kwamba nakaa kama niliyekalia upupu, na hasira zangu ziko karibu. Ukinifungia mlango hata kwa heri, nautafuta ufunguo.

Katika mfuko wake wa kazi marehemu aliacha kompyuta ya mkononi. Ilikuwa na ukubwa wa kasha la miwani, na ilifunguka vilevile kama kasha la miwani. Alikuwa akifanya kazi na kampuni iliyotafuta dhahabu upande wa Segese. Walipiga mistari porini, wakachukua udongo, na yeye akaingiza vipimo humo. Kioo chake kilikuwa cha kijivu, kirefu na chembamba, na ilitumia betri ndogo mbili za kawaida. Ndani yake kulikuwa na lugha ya kuandikia programu ambayo marehemu hakuwahi kuigusa. Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta Dar es Salaam kabla ya kuolewa. Enzi za uhai wake, akirudi kutoka porini, namtengea chakula, na yeye akila mimi naandika vitu vyangu vidogo vidogo, kisha namrudishia mashine yake. Wenzake walipokuja kuhani walisema ni mali ya ofisi, lakini hawatamsumbua mjane. Wangemtuma mtu aifuate eda ikiisha. Nawashukuru kwa adabu ile mpaka leo.

Rafiki yangu tuliyesoma naye Dar, binti wa familia ya Kihindu yenye duka la saa na vikokotozi Mwanza, aliniandikia kunipa pole. Baada ya pole akaongeza habari. Mjomba wake ameanza kuagiza kompyuta za mkononi kama ile, anawauzia wanunuzi wa pamba na wenye maduka, na anatafuta mtu wa kuziandikia programu. Mjomba haamini vyeti. Anataka aletewe mchezo mdogo wa kuweka kwenye kabati la vioo pale dukani, ujicheze wenyewe tangu duka linapofunguliwa asubuhi mpaka linapofungwa jioni, wapita njia wasimame kutazama. Sharti lake ni moja: usigande. Yeyote atakayemletea mchezo huo, kazi ni yake, na nyuma ya nyumba yao kipo chumba cha kukaa.

Nilijua vizuri mambo yangu yalivyosimama. Wazazi wangu wote wawili walikuwa wametangulia. Aliyebaki ni baba mdogo, Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege wa Shinyanga, nyumba imejaa watoto mpaka barazani, naye alishasema mapema kwamba mambo yangu yako mikononi mwa wakwe. Na wakwe walishaamua, ingawa hawakuwa wamesema. Eda ikiisha kungekuwa na kikao, na kikao kingetaka shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, anioe niwe mke wa pili, mji usivunjike. Dini hairuhusu kumposa mwanamke waziwazi akiwa edani, kwa hiyo hakuna aliyeposa. Walileta nyama. Kila Ijumaa nyama kutoka kwa shemeji ilifika, laini, ya paja, na sukari juu yake.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingenisaidia. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, alisali, hakumpiga mkewe, na mkewe alinipenda. Lakini nikimfikiria kama mume nilihisi pumzi inanikata, kama mtu aliyefungiwa ndani ya kabati la nguo. Nilitaka ile kazi ya Mwanza kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Na mashine ya kuitafutia ilikuwa yangu kwa muda wa eda tu.

Kwa hiyo nikaanza kuandika mchezo wa kuamia ndege.

Kwetu Usukumani mtoto hahitaji kuelezwa. Mpunga ukianza kutoa masuke kwenye majaruba, kweleakwelea wanashuka kama wingu, na shamba lisilo na mtu siku moja linabaki mabua. Basi unajengwa dungu, jukwaa la miti, mtu anapanda na kombeo lake na madonge ya udongo, anashinda juani. Katika mchezo wangu dungu lilikaa katikati ya kioo. Ndege waliingia makundi kwa makundi kutoka upande wa kulia, wakatua kwenye masuke, mwamiaji akazungusha kombeo, wakaruka, wakatokea upande wa kushoto. Kila ndege alikuwa na picha mbili, moja mabawa juu na nyingine mabawa chini, na mashine ikazibadilisha haraka haraka. Kioo kilikuwa kidogo kama kiganja cha mtoto, lakini walipokuwa wakiruka ungeapa wana damu.

Mama mkwe wangu alikaa mlangoni kwangu siku nzima. Alitandika mkeka wake pale kizingitini, akapeta mchele, akachambua dagaa, akapokea wageni. Yeye alizaliwa kijijini, Msukuma wa majarubani, akasilimu alipoolewa na mfanyabiashara wa Kahama, baba mkwe ambaye sikumkuta. Mume wangu alikuwa kitinda mimba wake. Mbele za watu nilimwita mama. Moyoni nilimwita askari. Nikienda msalani alihesabu nyayo zangu kwa masikio, na nikichelewa alikohoa.

Mchana mmoja aliingia kuniletea uji akakuta kioo kiko wazi.

"Hicho nini, mwanangu?"

"Ni mchezo, mama. Mtu anaamia ndege."

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike. "Noni hawa, ndege hawa! Ona wanavyoshuka, wezi wakubwa!" Akakaa chini bila kualikwa, akatazama kundi zima likifukuzwa. "Sasa wakishatoka hapo, wanaendaga wapi?"

"Wanaisha."

"Wanaisha?" Alinitazama kama niliyesema mvua inatoka ardhini. "Noni haishagi, ng'wanawane, mwanangu. Unamfukuza anaendaga kwa jirani. Jirani akimfukuza anarudigi kwako, yuleyule. Mimi niliwahi kuamia ndege mwenye mguu mbovu msimu mzima. Asubuhi nafukuza, jioni huyu hapa, anachechemea."

Maneno yake yalinikaa. Hata mimi niliwahi kupelekwa likizo kwa bibi na kusimama kwenye dungu mpaka kichwa kinapasuka kwa jua, na nilijua kwamba mama anasema kweli. Mchezo wa mtu wa mjini ungewafuta ndege wakitoka. Mchezo wangu mimi ungekuwa na ukweli. Nikaandika upya. Ndege akivuka ukingo wa kioo, hafutwi. Anaenda mahali nilipopaita kwa jirani, mahali pasipoonekana, anaendelea kuruka huko, na baadaye anaweza kurudi.

Hapo nilijichimbia shimo mwenyewe, na nikaingia ndani nikifurahi.

Nikiuwasha mchezo baada ya chai ulikwenda vizuri. Inapokaribia adhuhuri mabawa yanaanza kuwa mazito, ndege wanaruka kama waliolowa. Kisha mashine inaandika kwamba nafasi ya kumbukumbu imejaa, na kila kitu kinasimama. Mwamiaji kombeo liko hewani, ndege mmoja mabawa juu, basi. Nikizima na kuwasha, yaleyale. Siku ya kwanza nililaumu betri. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaniletea nyingine akizificha ndani ya kanga, maana minong'ono ilishaanza. Betri mpya, yaleyale.

Ilinichukua muda kuona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mashine zile zilikuwa na nafasi ndogo sana, na kila ndege anayeumbwa anakata kipande chake, na picha zake mbili vipande vingine. Kila kundi jipya lilikuwa na ndege wapya. Wa zamani nao walikuwepo bado, kwa jirani, hawaonekani, hawali, hawarudi wote, lakini kila mmoja amekalia nafasi yake na mashine inampigisha mabawa gizani. Kwenye kioo naona ndege wanane. Kwa jirani walikuwa mamia.

Nikasema basi, dawa ya moto ni moto. Akitoka, afutwe palepale. Niliandika hivyo kwa furaha ya mtu anayetupa takataka. Sasa mashine haikungoja hata adhuhuri. Ilikufa baada ya kundi la kwanza, kufa kwa kweli, mpaka nitoe betri na kuzirudisha, na mara moja ikaondoka na kazi yote ya asubuhi. Wakati mwingine kabla ya kufa ilifanya vituko. Nilimwona mwamiaji wangu akiota mabawa, anapigapiga juu ya dungu kama anataka kuondoka naye.

Siku ile nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaitupa mashine kitandani kwa nguvu.

"Wenyewe wakija ikiwa imevunjika utawaambia nini?" mama akauliza kutoka mlangoni. Hakuinua hata kichwa.

"Nitawaambia niliivunja."

"Haya."

Nilimchukia kwa ile haya. Nilichukia kizingiti, mkeka, ukuta wa jirani, vyombo vikigongana uani, sauti za watu wakipita kwenda sokoni wakizungumza habari za maembe. Nilihisi kwamba dunia nzima imeumbwa iendelee, isipokuwa mimi. Na nilimchukia marehemu pia, nasema wazi, kwa kuondoka na kuniacha ndani ya nyumba yao.

Wageni wa tanga waliendelea kuja. Shangazi mmoja wa marehemu, mwenye ulimi, alinikuta nimeinamia kioo akashika mdomo. "Makubwa! Mume hajapoa kaburini, mjane anacheza gemu." Nilifungua kinywa nimjibu, na majibu nilikuwa nayo ya kutosha wanawake watatu. Mama mkwe akanitangulia. "Ni kazi ya marehemu hiyo," alisema. "Anaimalizia. Kula chai." Nilidhani anaficha aibu ya nyumba yake. Alipotoka shangazi, mama akaniambia nikisikia hodi niifunike na mto.

Jibu nililipata kwenye mchele. Mama alikuwa ameacha ungo wake chumbani kwangu akaenda kusali, na mimi nikachukua punje moja nikaiweka juu ya mkeka. Huyu ndiye ndege. Kisha nikajiuliza, ni nani katika programu hii anayemjua? Kwa kila anayemjua nikaweka njiti ya kiberiti, ncha ikimgusa. Njiti ya kwanza ni ile orodha ya ndege wote. Ya pili ni saa inayobadilisha mabawa, ambayo inapita kwa kila ndege, inasema juu, inasema chini. Ya tatu sikuwa nimeifikiria kabisa: suke. Niliandika kwamba kila suke likumbuke ndege gani ametua juu yake, ili wasitue wawili mahali pamoja. Punje moja, njiti tatu.

Mimi nilikuwa nikiondoa punje na kuacha njiti. Saa ya mabawa ikija inanyoosha mkono mahali palipokuwa na ndege, inakuta pamepewa kitu kingine, inakipigisha mabawa hichohicho. Ndiyo maana mwamiaji aliota mabawa. Kumbe kumwondoa ndege kuna utaratibu wake. Kwanza unamsimamisha mabawa, saa ikamwacha. Kisha suke likamwacha. Kisha orodha ikamwacha. Asipobaki wa kumshika hata mmoja, hapo ndipo unachukua nafasi yake na kuirudisha kwa mashine. Ukianza na la mwisho, unaiua mashine. Na akibaki anayemshika hata mmoja tu, ndege huyo hajatoka, hata kama kioo ni cheupe.

Niliandika hivyo. Mchezo ukapita adhuhuri. Nikaswali na kioo kiko pembeni, Mungu anisamehe, jicho moja huko. Ukapita alasiri, na saa moja kabla ya magharibi ukaganda. Nilikuwa nimerudisha nafasi ya ndege nikasahau picha zake mbili. Picha tupu za mabawa zilikuwa zimejaa mle ndani hazina mwenyewe. Hilo lilikuwa jepesi, nilirekebisha kesho yake, lakini jioni ile sikula.

Kitu kimoja kilibaki. Kwa jirani ilibidi pafutwe. Ndege akitoka ametoka, na anayeingia ni mwingine. Nilimwambia mama, maana alikuwa ameshazoea kuingia na kuuliza habari za ndege wake.

"Kwa hiyo unawadanganya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Unawadanganya nani?"

"Watu wa Mwanza."

Akafikiri. "Watu wa Mwanza wanakulaga samaki. Hawatajua."

Tulicheka wote, na katika kicheko kile ulimi wangu ukateleza, au labda nilichoka kubeba peke yangu. Nikamweleza kila kitu, duka la saa, mjomba asiyeamini vyeti, chumba nyuma ya nyumba. Nilipomaliza alikuwa ameacha kucheka. Alirudi kwenye ungo wake, akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. Nilijuta papo hapo. Nilikuwa nimemwonyesha askari tundu nililochimba kwenye ukuta.

Siku ya kujaribu nilianza baada ya swala ya alfajiri. Mama alileta mkeka wake ndani, akakaa kando yangu, na tukatazama. Wageni walipobisha hodi aliwaambia naumwa kichwa, nimelala. Makundi yaliingia, yakafukuzwa, yakatoka, yakaingia mengine. Adhuhuri mabawa mepesi. Alasiri mepesi. Adhana ya magharibi ilipolia, ndege walikuwa bado wanashuka kwenye mpunga kama ndiyo kwanza wameliona shamba. Nilimkumbatia mama kabla sijafikiri. Alikubali kukumbatiwa, mwili mgumu kama wa mtu aliyebeba maji kichwani.

Nilinakili mchezo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya mashine ile, na wifi akaipeleka kwenye basi la Mwanza, imefungwa ndani ya soksi. Jibu lilirudi na dereva wa basi hilohilo. Mchezo upo kabatini, watu wanasimama, mjomba amekubali. Njoo ukimaliza eda.

Nilipomaliza, nilioga, nikabadili nguo, ikapikwa sadaka. Mtu wa ofisini alikuja akachukua mashine yake akanishukuru kwa kuitunza. Kisha alasiri kikao kikakaa. Wanaume kwenye viti vya sebuleni, wanawake kwenye mikeka, baba mdogo ametoka Ibadakuli na koti lake la sherehe. Mzee wa ukoo alisema maneno mazuri. Shemeji akasema, kwa aibu na heshima, kwamba yuko tayari kubeba jukumu la ndugu yake. Baba mdogo akasema yeye hana kipingamizi.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nilieleza habari za kazi, sauti yangu ikiwa nzuri zaidi ya nilivyotegemea. Walinisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyenikaripia.

"Mwanamke peke yake, Mwanza, kwa nani?" baba mdogo akauliza.

"Mkwe wetu ni mtoto wetu," mzee akasema. "Mtoto hatupwi. Ukiumwa huko nani atakuuguza? Ukifa nani atakuosha? Hapa una shemeji, una wifi, una mama. Sisi hatukuachi."

Na wote wakaitikia, hatukuachi, hatukuachi, hata wifi aliyenifichia betri, machozi yakimlenga. Ningejua la kufanya kama wangenitukana. Lakini walinipenda, kila mmoja ameshika upande wake, na nikaona kabisa kwamba sitatoka mle ndani. Nilitazama mikono yangu mapajani. Nilianza kujifundisha kukubali.

"Na mama mwenye nyumba anasemaje?" mzee akauliza, kama mtu anayefunga mjadala.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango. Alitazama ukuta.

"Mimi simtaki," alisema.

Wengine walidhani wamesikia vibaya. Shemeji akasema, "Mama?"

"Nilikuwa na mtoto, akaoa. Mtoto wangu hayupo. Huyu hakunizalia mjukuu, hakuna kinachomweka kwangu. Nikimwona namwona maiti wangu. Simtaki hapa. Na kwako simtaki, maana kwako ndiyo kwangu. Ukimwoa, usinizike."

Hakuna mwanamume wa Kahama niliyemjua mimi ambaye angeoa juu ya neno kama hilo. Shemeji aliinamisha kichwa. Mzee alijaribu, akaongea habari za subira na msiba, mama akarudia neno moja tu, simtaki, kwa sauti ileile, mpaka wakaacha kumwuliza. Baba mdogo aliona haya akasema Ibadakuli hapana nafasi. Ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai nilikuwa sina wa kunidai popote. Kikao kikasema, basi, aende huko Mwanza kwa hao Wahindi, Mungu amjalie.

Nilichotaka nimekipata, na sikuhisi furaha. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni. Nilimwamini kila neno. Nilifunga vitu vyangu nikiwaza kwamba mwanamke yule amekaa mlangoni kwangu muda wote ule akiniona maiti.

Asubuhi begi langu lilikuwa barazani. Ukoo ulikuwa haujatawanyika. Shangazi mwenye ulimi alisimama kwenye nguzo, shemeji na mzee uani, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Mama alikaa kwenye kiti cha kamba, kanga yake kichwani. Nilipiga magoti mbele yake kama inavyompasa mkwe, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Shikamoo, mama."

Watu wote wakageuka kumsikiliza. Nikainua macho. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kufunguka. Kama angeitikia, ningekuwa mtoto wake tena, na mzee pale uani angekaa upya kitini. Alichukua pindo la kanga akaliuma kwa meno, akaliuma mpaka kidevu kikatetemeka, macho yake yakinitazama yamejaa, na hakuitikia. Nilibaki pale chini kidogo zaidi ya adabu inavyotaka. Kisha nikasimama, nikachukua begi langu, nikaenda.